Meno meupe, fizi zinavuja damu

Majuzi niliposti video nikiwa Doldol, nimesimama kando ya barabara ya kwenda Nanyuki, nacheka na kamera. Nilidhani watu watasema kitu kuhusu mbuzi waliopita nyuma yangu kama wamelipwa. Wapi! Komenti zote zilikuwa za meno yangu. "Jaribu mkaa, bro." "Kuna unga wa kupausha, nikutumie linki?" Ni kweli yana ukahawia. Hiyo ni floraidi ya maji niliyokunywa nikiwa mtoto, meno yakiwa bado yanakomaa, na imeingia ndani ya jino lenyewe. Nikisugua mkaa, jino litaisha kabla ya rangi.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nikipiga mswaki natema damu. Na nilikuwa natema, karibu miaka miwili. Nililaumu mswaki, ati ni mgumu.

Hapo ndipo nagombana na nyinyi, wasee. Jino tumelifanya pambo la kamera, fizi tumeziacha zijipange. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta fizi zinazotoa damu kwa takriban asilimia 98 ya watu wazima Kenya. Panda matatu, hesabu abiria, ongeza dereva na makanga. Karibu wote. Na kwa sababu ni karibu wote, tunasema ni kawaida.

Kuna bakteria anayeitwa Porphyromonas gingivalis. Jina refu, lakini tabia zake utazielewa haraka. Hapendi oksijeni, kwa hivyo anajificha kwenye kijifuko kati ya jino na ufizi, mahali mswaki wa haraka haufiki. Ana vimeng'enya vya kukatakata protini za mwili. Na anahitaji madini ya chuma, ambayo anayatoa kwenye damu. Soma hiyo tena. Ile damu unayotema asubuhi, mwenzako anaihesabu kama chai na mandazi. Ufizi unavimba, unavuja, yeye anashiba, anavuruga kinga ya mwili, na bakteria wengine wanapata nafasi ya kuzidi. Taratibu mfupa unaoshika jino unaliwa. Mara nyingi hakuna hata maumivu, ndiyo maana watu hushtuka jino likianza kucheza.

Nilianza kusoma haya yote kwa sababu ya koko, nyanya yangu. Ana ugonjwa wa sukari. Meno yalimtoka moja baada ya jingine na sisi sote tukasema ni uzee. Kumbe sukari na fizi zinaumizana pande zote mbili: sukari ikipanda, fizi zinaoza haraka, na fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu, sukari inakuwa ngumu kushuka. Tafiti zimeonyesha kwamba kutibu fizi vizuri husaidia sukari kushuka kiasi. Sasa koko amehudhuria kliniki fulani miaka mingi. Wanampima presha, wanamwangalia miguu, wanamwambia apunguze ugali. Hakuna siku aliambiwa, "Mama, fungua mdomo." Mdomo ambao sukari yote inapitia!

Na si sukari peke yake. Kenya tuko kwenye ukanda wa Afrika Mashariki wenye saratani nyingi ya umio, ile njia ya chakula. Watafiti waliolinganisha wagonjwa na watu wasio na saratani hiyo kule Eldoret, wakachapisha 2019, waliona hali mbaya ya kinywa ikiandamana na ugonjwa huo. Na huko China, mwaka 2016, wanasayansi walimpata huyu P. gingivalis kwenye asilimia 61 ya vipande vya saratani ya umio walivyopima, lakini kwenye umio wa watu wazima kiafya hawakumpata.

Lakini tulieni. Kumkuta mtu eneo la tukio si kumkamata na kisu. Huenda bakteria anachangia, huenda anapenda tu kuishi pale palipoharibika. Na kuna washukiwa wengine: pombe, sigara, hata chai. Shirika la Afya Duniani, kupitia wataalamu wake wa saratani, lilitangaza 2016 kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Nyumbani kwetu chai isiyochoma ulimi inaitwa maji, kwa hivyo hiyo pia ni kesi.

Nasema hivi kwa sababu najua mtandao. Mwaka 2019 watafiti walisema wamepata vimeng'enya vya bakteria huyu kwenye ubongo wa watu waliokufa na Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau. Mara video zikaanza: "Piga floss usisahau jina lako!" Kampuni ikajaribu dawa ya kuzuia vimeng'enya hivyo. Matokeo yakatoka 2021: kwa jumla, wagonjwa hawakupata nafuu. Video za kusahihisha sikuona nyingi.

Kwa hivyo siwatishi na ubongo. Ninachojua kinatosha: damu ya fizi si kawaida. Ikiwa ni uvimbe wa mwanzo tu, kusafisha vizuri pale ufizi unapokutana na jino, kila siku, hupunguza damu ndani ya wiki chache. Yangu ilikoma. Isipokoma, unahitaji daktari wa meno akusafishe chini ya ufizi, si kukung'oa, na hapo kwetu wa Laikipia Kaskazini shida inaanza. Wengi huingia Nanyuki mara moja tu, jino likishaoza. Nataka kliniki za sukari ziangalie midomo. Na nyinyi wenzangu mnaolipwa kutangaza unga wa kupausha, nionyesheni fizi zenu kwanza.

Koko amebaki na meno tisa. Jumamosi nilimpelekea mswaki laini, nikamwonyesha anavyouelekeza kwenye ufizi. Akautazama, akaniuliza kama na huo nimetumiwa na watu wa simu.