Tusikusanye Sukani za Kale Bila Daftari

Hivi karibuni tulikaribishwa chai na bwana mmoja wa hapa Kamembe, wilayani Rusizi, katika mji ambao wazee wengi bado huuita Cyangugu. Ukutani mwa sebule yake hapakuwa na picha wala saa. Palikuwa na sukani za magari ya kale, zimepangwa safu kwa safu kama ngao za wapiganaji. Mmoja ulikuwa wa Peugeot 404, mwingine wa Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe, na wa tatu ulikuwa wa mbao iliyong'arishwa hata mtu akajiona uso. Mwenyeji wetu aliikumbuka vema bei ya kila mmoja. Lakini tulipomwuliza zilitoka wapi, alijibu kwa mkato: "Sokoni, huku na ng'ambo." Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Hatukusudii kumcheka bwana huyo, wala wenzake wenye mapenzi kama yake. Kukusanya vitu vya kale si upuuzi. Usukani ndicho kiungo cha gari kilichoshikwa na mkono wa binadamu siku zote za uhai wake, na anayejua kuusoma atapata humo elimu nyingi. Atauona ni mpana, naye atakumbuka kwamba magari mengi ya zamani hayakuwa na mtambo wa kumsaidia dereva kukata kona. Nguvu ilikuwa ya mikono yake, na duara pana liliiongeza nguvu hiyo kama wenzo mrefu unavyomsaidia mtu kupindua jiwe. Atauona umepasuka pasuka, naye atafahamu kwamba plastiki ngumu iliyofunika chuma hutanuka kwa jua kwa kipimo kisicho sawa na kile cha chuma chenyewe. Baba wa plastiki za namna hiyo ni Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent nchini Ubelgiji, aliyevumbua bakelaiti huko Marekani mwaka 1907. Akiukuta wa mbao, atamkumbuka Enrico Nardi wa Italia, ambaye sukani zake zilipata sifa kubwa tangu miaka ya 1950. Akikuta jina la Momo, atajua kwamba ni kazi iliyoanzishwa mwaka 1964 na Gianpiero Moretti, ambaye mwenyewe alikuwa dereva wa mashindano.

Afrika ya Mashariki nayo haikuwa mtazamaji tu katika historia hiyo. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alizishinda kwa Volvo PV544, na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alizishinda kwa Peugeot 404. Mjini Nairobi mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri yalianzishwa mwaka 1970, na majaji wake hukagua gari ndani na nje, juu na chini ya uvungu. Kwa hiyo yeyote asemaye kwamba mapenzi ya magari ya kale ni mambo ya Wazungu peke yao hajui asemalo.

Basi hoja yetu ni ipi? Ni kwamba usukani uliong'olewa bila maandishi hupoteza nusu ya thamani yake, na pengine hubeba aibu ambayo mnunuzi haijui. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi tunaoandika haya hatukosi lawama. Zamani, tukiwa maofisa vijana tuliotoka chuo cha makadeti si muda mrefu, tulikuta lori kuukuu limeegeshwa chini ya mti. Tuliupenda usukani wake mweusi, tukaagiza ung'olewe, ukapambwa ukutani ofisini. Wageni wakausifu, nasi tukajisikia watu wa maana. Lori lililobaki bila usukani likahesabiwa kuwa takataka, likauzwa kama chuma chakavu. Miezi ikapita. Siku moja mzee mmoja, dereva mstaafu, alikuja kwa shida zake nyingine. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole: "Afande, na gari lenyewe liko wapi?" Hatukuwa na jibu. Hatukujua namba yake, wala mwaka wake, wala nani aliyeliendesha. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba hata kijiko cha jikoni huandikwa katika daftari la ghala: kilipotoka, aliyekipokea, na siku aliyokipokea. Somo hilo tulilifaulu katika mtihani, tukalishindwa katika kazi.

Hapa kwetu mpakani jambo hili ni zito kuliko penginepo. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Bukavu, na biashara ya vipuri huvuka daraja kila siku. Mwaka 2005 Rwanda ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye usukani upande wa kulia, ingawa baadaye malori yalipata nafuu. Ng'ambo magari ya namna hiyo ni mengi. Lakini usukani wenyewe ni duara, haujui kulia wala kushoto. Ukishang'olewa hauna namba ya usajili, hauna rangi ya gari, hauna shahidi. Unaweza kuvuka daraja asubuhi na kurudi jioni ukiwa na hadithi mpya.

Na kuna jambo ambalo hatuna budi kulisema wazi, ijapokuwa ni chungu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa na mali zao zikaporwa, magari yakiwamo. Katika miezi ya Julai na Agosti mwaka ule umati mkubwa ulivuka kutoka Cyangugu kuingia Bukavu, na magari mengi yalivuka nao. Mahakama za Gacaca, zilizomaliza kazi yake mwaka 2012, zilisikiliza pia mashauri ya mali iliyoporwa. Lakini si kila kitu kilipatikana, na si kila mwenye mali alibaki hai wa kudai. Hatusemi kwamba kila usukani wa kale ni wa wizi. Twasema kwamba usukani wa gari lililokuwa likitembea humu kabla ya mwaka ule waweza kuwa ndicho kitu pekee kilichosalia cha gari la baba wa mtu fulani. Kuutundika sebuleni bila kuuliza ni kukosa adabu kwa wafu na kwa walio hai.

Liko pia suala la usalama. Wapo vijana wanaotamani kuufunga usukani wa kale katika gari la kisasa kwa ajili ya urembo. Na wafahamu kwamba katika gari la kisasa mfuko wa hewa unaomkinga dereva wakati wa ajali umo ndani ya usukani. Kuuondoa ni kujivua ngao. Tena kitovu cha usukani kina meno yanayoshikana na mhimili, na meno ya gari hili si lazima yalingane na ya gari lile. Fundi akilazimisha, usukani waweza kuteleza mikononi. Atakayesafiri kwa gari la namna hiyo kutoka Kamembe kwenda Huye, katika kona za msitu wa Nyungwe, hatapata nafasi ya pili ya kujifunza.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne kwa wakusanyaji, mafundi na wafanyabiashara.

Kwanza, kila mkusanyaji awe na daftari. Aandike jina la gari, mwaka wake ukijulikana, mahali aliponunua, jina la aliyemwuzia, na habari zozote za mwenye gari wa awali. Apige na picha ya upande wa nyuma wa usukani, kwani huko ndiko alama za kiwanda na tarehe hupatikana mara nyingi. Alama hizo humsaidia pia kutambua usukani mpya uliochakazwa kwa makusudi ili uuzwe kwa bei ya kale.

Pili, usukani usiondolewe katika gari ambalo bado laweza kufufuliwa. Gari lisilo na usukani haliwezi hata kuvutwa sawasawa hadi gereji. Kumbe anayeung'oa ndiye anayetoa hukumu ya mwisho.

Tatu, mafundi wetu wajifunze kuzitengeneza. Kujaza nyufa, kusugua, kupaka rangi na kuunganisha vipande vyembamba vya mbao juu ya kiunzi cha chuma ni kazi ambayo seremala hodari aweza kuimudu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nne, ikitokea familia ikautambua usukani wa gari lao, mkusanyaji asikimbilie kutaja bei aliyolipa. Akae nao, awasikilize, na jambo lifikishwe kwa viongozi wa mtaa endapo hawakupatana.

Bwana wa Kamembe tulimweleza haya yote kabla ya kuaga. Alinyamaza kitambo, kisha akamwagiza mwanawe alete daftari la shule lenye kurasa tupu. Wakaanza na ule wa Peugeot 404, kwa sababu ndio pekee aliomkumbuka vizuri aliyemwuzia. Ile mingine itachukua muda, maana italazimu kurudi sokoni na kuuliza. Sisi nasi tumeanza kumtafuta yule dereva mstaafu, tupate kumwuliza kama alilijua lile lori.