Kompyuta Kuukuu na Hukumu za Haraka

Ipo sentensi moja ambayo nimeisoma mara nyingi mno katika ripoti za mafundi, nayo ni hii: "Mashine ni ya zamani, haifai tena." Sentensi hiyo haina tarakimu, haina kipimo, wala haina sababu. Lakini ikishatiwa sahihi na kupigwa muhuri inageuka kuwa amri. Mashine inafutwa katika daftari la mali, inapelekwa bohari, na fedha za kununulia nyingine zinaanza kutafutwa. Mimi nasema sentensi hiyo si ripoti hata kidogo. Ni uvivu uliovikwa joho la utaalamu.

Nichukue mfano mmoja tu, ndugu msomaji, maana jambo hili likisemwa kwa jumla halieleweki. Tuseme tuna kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel iitwayo Core 2 Duo E6600, iliyotoka mwaka 2006. Prosesa hiyo ina viini viwili vya kufanyia kazi, na kasi yake kamili ni gigahetsi 2.4. Kasi hiyo inapatikana kwa kuzidisha. Mapigo yanayotoka kwenye ubao mkuu ni megahetsi 266, na prosesa huyazidisha mara 9. Isipokuwa na kazi hujishusha yenyewe, ikayazidisha mara 6 tu, na hapo inakwenda kwa gigahetsi 1.6. Intel waliuita utaratibu huu SpeedStep, wakauanzisha katika kompyuta za kubebeka mwaka 2000. Washindani wao AMD wana wa kwao, Cool'n'Quiet. Makusudio ni mamoja: umeme usipotee bure na mashine isichemke bila sababu.

Sasa fikiri prosesa hiyo imenasa kule chini, haipandi hata ikipewa kazi nzito. Kazi ya kukokotoa iliyokuwa ikichukua dakika 40 itachukua dakika 60. Mtumiaji atalalamika, na atakuwa na haki. Fundi ataitwa, atatazama mwaka uliobandikwa ubavuni mwa mashine, atatikisa kichwa, na ile sentensi itaandikwa.

Niliwahi kuona, katika chuo kimoja cha ualimu ambacho sitakitaja, kompyuta kumi na moja zimerundikwa bohari kwa hukumu ya namna hiyo. Darasani wanachuo walikuwa wakikaa wanne wanne mbele ya kompyuta moja. Mwenye kushika kipanya alijifunza. Watatu waliobaki walitazama. Na hao watatu ndio waliokuwa wakienda kufundisha watoto wetu somo la TEHAMA! Zilipowashwa zile za bohari na kupimwa, nyingi zilikutwa zimewekewa mpango wa kubana umeme, zikazuiwa zisipande. Mbili zilikuwa na vumbi kama blanketi ndani yake. Moja ilikuwa imekufa kweli, nami sibishi. Lakini je, kumi na moja?

Kupima kwenyewe si uganga. Jambo la kwanza ni kutofautisha mashine iliyopumzika na mashine iliyonasa. Wako watu wanaofungua kompyuta, wanakuta imeandikwa gigahetsi 1.6 wakati wao walinunua ya 2.4, basi wanamgombeza muuzaji kwamba kawapunja. La hasha! Haina kazi, kwa nini ikimbie? Ipe kazi kwanza, mathalani kubana faili kubwa, kisha itazame. Na hapo pia pana mtego. Kazi moja huweza kukaa katika kiini kimoja tu, na mashine ya viini viwili itakuonyesha kwamba imetumika asilimia 50, nawe ukadhani ina nafasi tele kumbe kiini kile kimefika ukingoni. Vipe kazi viini vyote viwili.

Jambo la pili ni saa. Hapa ndipo ninapowalaumu mafundi wetu zaidi, kwa kuwa saa kila mtu anayo mkononi. Kama prosesa inaonyesha 1.6 tangu dakika ya kwanza ya kazi na haisogei, yamkini kuna amri inayoizuia. Kama inaanza vizuri na 2.4, kisha baada ya dakika kumi ikaporomoka, shuku joto. Nimefundisha kwa miaka mingi, na tofauti hii naijua kwa watoto. Mtoto anayefanya hesabu vizuri katika vipindi viwili vya asubuhi, kisha akazubaa kipindi cha nne, huyo si mzito wa akili. Muulize amekula nini kabla ya kutoka nyumbani, na amatembea maili ngapi. Mwalimu anayemwandikia "hana uwezo" hajampima. Amemtazama saa tano tu, basi.

Ikiwa ni amri, itafutwe ilikowekwa. Katika Windows ipo katika mipangilio ya umeme, ambamo mtu anaweza kuweka kiwango cha juu cha prosesa chini ya asilimia 100, kisha akasahau au akahamishwa kituo cha kazi. Katika Linux ipo programu inayochagua mwendo, nayo huitwa gavana. Jina hilo limetoka mbali: James Watt alitia gavana katika mashine yake ya mvuke mwaka 1788, na mabasi yetu nayo hufungwa kifaa cha ukoo huo. Kwa prosesa za rika la E6600, gavana "powersave" huishikilia kasi ya chini kabisa, liwe jua iwe mvua. Gavana "performance" huishikilia ya juu kabisa. Gavana "ondemand" hupandisha kasi kazi inapokuja na kuishusha inapokwisha. Kando ya gavana liko faili dogo la kikomo, ambalo huandikwa kwa kilohetsi. Ukisoma humo 1600000 mahali pa 2400000, basi mwizi umemkamata, na kumwondoa ni kazi ya dakika moja.

Pengine amri iko chini zaidi, katika BIOS, ile programu iliyo kwenye ubao mkuu inayoamka kabla ya nyingine zote. Mashine kuukuu huwa na betri ndogo ya mviringo inayohifadhi mipangilio hiyo. Ikifa, mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Dalili yake ni kwamba kila uiwashapo baada ya kuichomoa ukutani, kalenda inakurudisha miaka mingi nyuma. Betri hiyo huuzwa hata katika maduka ya saa, lakini kwa ajili yake nimeona kompyuta nzima ikihukumiwa kifo.

Ikiwa ni joto, chukua bisibisi na brashi. Prosesa ikizidi joto hujipunguzia mwendo ili isiungue, na hilo ni jambo la busara, si ubovu. Safisha mapezi ya kipoozeo, hakikisha feni inazunguka, ondoa ile dawa ya kijivu iliyokauka kama udongo kati ya prosesa na kipoozeo, upake mpya kidogo. Nasema kidogo, wengine huipaka kama siagi ya sikukuu. Tena usiamini tarakimu ya kasi peke yake, kwa sababu iko namna ya kujilinda ambayo prosesa hurukaruka mapigo bila tarakimu kushuka. Pima na kazi yenyewe: jana ilichukua dakika ngapi, leo ngapi?

Pamoja na mafundi wa "nunua mpya" wako wa aina ya pili, werevu kidogo, ambao dawa yao ni moja kwa kila ugonjwa: funga huo utaratibu wa kupanda na kushuka, mashine ikimbie saa zote. Hao nao nawapinga. Kanuni ya umeme ndani ya prosesa ni kwamba sehemu kubwa ya matumizi yake huenda na kasi, na huenda na volteji iliyozidishwa kwa volteji. Kasi ikipungua kwa theluthi moja na volteji kwa sehemu moja ya kumi, sehemu hiyo ya matumizi hushuka karibu na nusu. Anayelipia LUKU kwa fedha yake anajua maana yake. Na katika chumba cha Tanga au Lindi chenye madirisha mawili, kukimbiza prosesa isiyo na kazi ni kuongeza joto juu ya joto, mpaka siku itakapojipunguza yenyewe na tatizo likarudi kwa mlango wa nyuma.

Zaidi ya hayo, dawa hiyo huponya ugonjwa usiokuwepo. Mara nyingi prosesa iko chini kwa sababu inasubiri. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti moja, ikifunguliwa programu nyingi, huanza kuhamisha vitu kwenda kwenye diski na kuvirudisha, na diski ya kuzunguka ni mzee mwenye mkongojo mbele ya prosesa. Prosesa ikikosa cha kufanya hulala, kasi ikashuka. Fundi huyu akiona imeshuka anadai ndiyo chanzo, kumbe ni matokeo. Iongezee kumbukumbu, usiitandike mijeledi.

Najua hoja itakayoletwa sasa. Watasema Windows 10 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiipokei rasmi prosesa ya mwaka 2006, kwa hiyo hukumu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Sehemu ya kwanza ni kweli, na kompyuta isiyopata marekebisho ya usalama haifai kuachwa wazi kwenye intaneti. Lakini prosesa hiyo ni ya biti 64, na Linux inakaa juu yake bila kinyongo. Kuandika barua, kupanga alama za wanafunzi, kujifunza kuchapa: kazi hizo hazikuongezeka uzito tangu mwaka 2006. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tunautupa mbachao hata msala haujapita.

Ninachodai ni kidogo. Fomu ya kufuta kompyuta iwe na nafasi nne za kujazwa kabla ya sahihi: kasi ikiwa imepumzika, kasi baada ya dakika moja ya kazi, kasi baada ya dakika kumi na tano, na joto wakati huo. Asiyejaza arudishiwe karatasi yake. Wataniambia kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa kwa kila mashine, na bohari zina mashine nyingi. Basi wapewe wanachuo wa mwaka wa pili, wawili wawili, na hilo liwe somo lao la vitendo la muhula.