Kadi ya Bima na Dirisha la Zahanati

Mtu anapolipia bima ya afya ya Serikali hanunui kipande cha karatasi. Ananunua ahadi kwamba siku atakapougua atampata wa kumhudumia, bila kudaiwa fedha mlangoni. Ahadi hiyo ikikosa mtu wa kuitimiza, mwananchi amedhulumiwa, hata kama hakuna aliyetia mkono mfukoni mwake.

Vijijini mwetu, mtu huyo aghalabu si daktari. Ni muuguzi wa zahanati, pengine mtawa, anayepima, anayechoma sindano, anayezalisha, anayetunza leja ya dawa, na jioni anajaza fomu za madai kwa mwanga hafifu. Kwa mgonjwa, yeye ndiye bima yenyewe. Ndiye pia anayelazimika kutamka, “Kadi hii hapa hatuipokei,” ingawa uamuzi huo hakuutoa yeye.

Safari yenyewe ni ndefu. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001. Kadi ya zamani ilimfunga mwanachama katika eneo alikojiandikisha. Maboresho ya mwaka 2018 yalimfungulia njia toka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita katika mikoa iliyo mingi. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Hatuzidharau hatua hizi. Lakini kuandikisha wanachama ni jambo moja, na kuwapata watakaowapokea ni jingine. Kituo cha mtu binafsi au cha shirika la dini hupokea kadi kwa mkataba, nacho chenye mkataba hutazama bei na tarehe ya malipo. Tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake, zikidai kuwa bei zilizopangwa hazilingani na gharama. Nani alikuwa na haki katika suala la bei, hatuamui hapa. Tunachosema ni kwamba mwanachama, aliyekwisha kulipa, hakuwa na kiti katika mazungumzo yale.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliyahesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Basi si fadhila. Neno hili linavihusu pia vituo vya Kanisa, ambavyo tangu mapatano ya mwaka 1992 baina ya Serikali na makanisa vimehesabiwa kuwa washirika katika huduma za jamii. Zahanati ya namna hiyo si duka. Hata hivyo tuwe wa haki: zahanati isiyolipwa madai yake kwa miezi kadhaa itanunua dawa kwa nini? Ahadi haijazwi katika bomba la sindano.

Lipo jambo moja tusiloweza kulitafutia udhuru, nalo ni foleni mbili. Mwenye fedha taslimu aingia. Mwenye kadi akaa benchi. Au huyo wa kadi huambiwa dawa zimekwisha, kisha akitoa noti dawa zaonekana. Huo ni wizi, tena wa kumwibia mgonjwa.

Kamati za haki na amani za parokia zifanye kazi hii kabla watu hawajahimizwa tena kujiandikisha. Zitembelee kila zahanati na kituo cha afya kilicho karibu, cha Serikali, cha dini au cha mtu binafsi, na kumwuliza mganga mfawidhi: Je, mna mkataba? Mnapokea kadi ipi? Madai yenu ya mwisho yalilipwa lini? Majibu ya maswali mawili ya kwanza yabandikwe mlangoni pa kanisa na katika ofisi ya kijiji, maana wagonjwa si Wakatoliki peke yao. Jibu la tatu lifikishwe kwa diwani, katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, likiwa na miezi na kiasi cha fedha. Jina la muuguzi lisiandikwe popote. Deni si lake.