Kuku Aliyejeruhiwa

Kuku akiponyoka meno ya kicheche, wengi wetu hukimbilia kisu. Twaiona ni haraka isiyo na haja. Madhali asimama, anywa maji, na matumbo hayakutoka nje, huenda akapona. Ngozi ya kuku huziba upesi, hata kwa kidonda kipana cha mgongoni.

Kwanza atengwe. Wenziwe wakiiona damu watamdonoa mpaka wamwue. Awekwe ndani ya tenga, kivulini, penye utulivu. Chemsheni nusu lita ya maji na kijiko kidogo cha chumvi. Yakipoa, likateni nyoya lililoingia jerahani, kisha osheni. Majivu na mafuta ya taa, ambayo wazee wetu waliyapenda mno, yaacheni: huunguza nyama mbichi. Asali kidogo yafaa zaidi. Nanyi mtazameni asubuhi na jioni, kwani nzi akitaga hapo, funza hutoka kwa siku moja.

Ama akilegea shingo na kuhema kwa taabu, na achinjwe angali hai. Aya ya 3 ya Sura Al-Maida imemharimisha aliyeliwa na mnyama, ila yule mliyemdiriki mkamchinja. Aliyekwisha kupewa dawa ya dukani, nyama na mayai yake yangoje zipite siku zilizoandikwa chupani.