Mkataba wa Minamata: Mafanikio Yataamuliwa Machimboni

MKATABA wa Minamata kuhusu Zebaki, ulioanza kutumika Agosti 16, 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unazitaka nchi wanachama kudhibiti biashara na matumizi ya kemikali hiyo. Hata hivyo, mafanikio yake hapa nchini yatapimwa mahali mchimbaji mdogo anapochomea dhahabu.

Jina la Mkataba linatokana na mji wa Minamata nchini Japani, ambako mwaka 1956 ulibainika ugonjwa wa neva uliosababishwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ikaingia katika samaki na hatimaye kwa walaji. Baadhi ya watoto walizaliwa na ulemavu ilhali mama zao hawakuonesha dalili kubwa.

Leo, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikuu duniani cha zebaki inayotolewa hewani kutokana na shughuli za binadamu. Katika maeneo kama Geita na Chunya, zebaki huchanganywa na mchanga wenye dhahabu, kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauonekani, lakini hudhuru ubongo na figo za mchomaji na za walio jirani naye.

Mkataba haukupiga marufuku matumizi hayo kwa mara moja. Unaelekeza kuwapo kwa mpango wa taifa wa kuyapunguza, ukianza kuondoa mambo manne: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma mahali pa wazi, kuchoma katika makazi, na kuchenjua marudio kwa sianidi kabla ya kuondoa zebaki iliyomo. Jambo la mwisho linaigusa Tanzania moja kwa moja, kwani marudio huchenjuliwa upya kwa sianidi, nayo huiyeyusha zebaki na kurahisisha kusambaa kwake majini.

Udhibiti wa kemikali unaosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni wa lazima, lakini pekee hautoshi. Mchimbaji huichagua zebaki kwa kuwa ni rahisi kutumia na humpatia fedha siku hiyohiyo. Marufuku isiyo na njia mbadala huisukuma biashara hiyo kwenye magendo. Vyombo vilivyofungwa vya kunasa mvuke, vituo vya pamoja vya uchenjuaji na mitaji nafuu ndivyo vitakavyoupa Mkataba nguvu.

Wakati hayo yakitekelezwa, tahadhari ya kwanza haina gharama: dhahabu isichomwe nyumbani wala jikoni, na watoto na wajawazito wakae mbali.