Siyo Uvivu: Unapomeza Vidonge na Uchovu Ukabaki

Wanachuo wenzangu, hapa chuoni ukikosa vipindi vya saa moja asubuhi, ukalala mchana na ukaongezeka kilo, jina lako ni moja tu: mvivu. Ukisema una tatizo la tezi, watu wanakutazama shingoni; wasipoona rovu wanasema unajitetea. Naandika nikiwa mmoja wa wanaomeza dawa ya thairoidi kila siku, na msimamo wangu ni huu: mgonjwa anayemeza dawa na bado kachoka hahitaji kusemwa, anahitaji kuulizwa maswali sahihi.

Thairoidi ni tezi ndogo iliyo mbele ya koo. Homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya mwili mzima. Zikipungua, unachoka, unasikia baridi wakati wenzako wanatoka jasho, choo kinakuwa kigumu, nywele zinakatika, hedhi inavurugika, na ukurasa mmoja unausoma mara tatu hauingii. Sababu mojawapo kubwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, ugonjwa uliopewa jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912. Tiba yake ni levothairoksini, na wengi huimeza maisha yao yote.

Wengi wanapata nafuu. Ila wapo wanaobaki na uchovu, na hapo ndo watu wanapotea. Mmoja anaacha dawa kimyakimya, mwingine anajiongezea dozi mwenyewe, jambo linaloweza kuuvuruga moyo, wa tatu anaagiza makopo ya mtandaoni kwa hela ya bumu.

Swali la kwanza: unaimezaje? Dawa hii inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Sasa maisha ya hosteli tunayajua: kidonge kinashushwa na chai ya maziwa huku mtu anakimbilia kipindi. Kahawa, maziwa na soya vinapunguza dawa inayoingia mwilini. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia ni vibaya zaidi. Vipishane na kidonge chako kwa muda wa saa nne. Dada zetu wengi wanapewa vidonge vya damu na kuvimeza vyote kwa pamoja, kisha wanashangaa. Kama asubuhi haikuwezekani, muulize daktari kuhusu kumeza usiku, saa tatu au zaidi baada ya kula. Ukishika mimba, wahi kliniki, kwa kuwa dozi mara nyingi hupandishwa.

Swali la pili: ulipima lini? Kipimo kikuu ni TSH, homoni inayotoka kwenye ubongo kuiamuru tezi ifanye kazi. Tezi ikilegea, TSH inapanda. Dozi ikibadilishwa, majibu ya kuaminika yanapatikana baada ya wiki 6 hadi 8, kwa hiyo usiihukumu dawa ndani ya wiki moja.

Swali la tatu: damu yako ina nini? TSH inaweza kuwa sawa na bado ukachoka kwa sababu ya upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 au vitamini D. Chuma chenyewe kinahitajika katika kutengeneza homoni za thairoidi, na wenye Hashimoto wako katika hatari zaidi ya kupungukiwa B12. Mwisho wa muhula tunakula ugali na maharage wiki nzima, na juu yake chai ya rangi, ambayo inazuia chuma kuingia. Chungwa moja badala ya hiyo chai lingesaidia, na dagaa ni bei nafuu. Lakini pima kwanza, nunua baadaye.

Kuhusu chakula, hakuna mlo unaoponya ugonjwa huu. Kabichi na muhogo uliopikwa vizuri, kwa kiasi cha kawaida, havina shida kwa anayetumia chumvi yenye madini joto. Jeli za mwani zinazosifiwa mtandaoni ndizo za kuogopa: madini joto yakizidi, Hashimoto inaweza kuwa mbaya zaidi. Na kama yote hayo yako sawa, daktari aangalie usingizi na msongo wa mawazo. Kuambiwa “majibu yako ni ya kawaida” kusiwe mwisho wa mazungumzo.

Wapo watakaosema tukilegeza, kila mtoro atajificha nyuma ya thairoidi. Mbona kipimo cha damu kipo? Karatasi ya maabara haidanganyi kwa ajili ya mtu.

Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi ipeleke mambo mawili kwa uongozi. Dispensari ya chuo impe kila mgonjwa nakala ya majibu yenye namba, siyo kauli ya “uko sawa” tu. Na barua ya daktari ipokelewe kabla ya testi kukosekana, siyo baada ya mtu kuwa amedisko. Wewe mgonjwa, andika kwenye daftari saa ya kidonge, tarehe ya kipimo na namba yake, uende nalo kwa daktari. Na wewe unayekaa naye chumba kimoja, kabla ya kumwita mvivu, muulize leo ameshameza.