Informatiki: watoto wetu wasiishie kwenye sekretaria

Wazazi wengi wa Manguredjipa, Kasugho na Bunyatenge wanalipa minerval kwa zahabu. Kila dola wanajua ilitoka wapi: ile ni ya siku shimo lilitoa, ile ingine ni deni ya negosian. Mutoto anatumwa Butembo ao Beni, anaandikishwa mu informatiki, na kisha miaka anarudi na diplome. Halafu? Tunamukuta kwenye sekretaria ya pembeni ya barabara, mbele ya ordinatere ya mutu mwingine, anapiga barua za watu na kufanya fotokopi. Kazi hiyo haina haya yoyote. Lakini ni kazi ya kujifunza kwa miezi miwili, na muzazi amelipa miaka.

Sisi tunaona kama tatizo haliko akili ya watoto. Wanafundishwa kutumia vyombo, hawafundishwe kuviongeza. Ndiyo maana leo tunasema juu ya masomo yenye watu hawazungumuzie sana kwetu: masomo ya ngazi ya juu ya kutengeneza plagini.

Jina linaogopesha, basi tufafanue. Mutu mwenye kuandika programu ako na atelié yake ndani ya ordinatere. Atelié hiyo inamuonyesha makosa, inapaka maneno rangi, inamusaidia kupima kazi mbele ya kuitoa. Eclipse ni moja ya zile atelié: kampuni IBM iliifungua kwa watu wote bure mu 2001, na tangu 2004 inachungwa na Eclipse Foundation, shirika lisilotafuta faida. VS Code ya Microsoft, ya 2015, ni ingine. Plagini ni kipande chenye mutu wa inje anaongeza juu ya atelié ile bila kuivunja.

Wachimbaji watatuelewa haraka kuliko watu wa biro. PDG amekwisha kufungua shimo kubwa, ameweka ngazi, mbao na motopompe. Wewe hauanze kuchimba toka juu. Unafungua galeri yako pembeni, pahali palipoachwa kwa kazi hiyo. Eclipse yenyewe ilijengwa vile, karibu yote ni plagini juu ya plagini. Na kila plagini inakuja na karatasi yake, manifesti, yenye kusema jina, namba ya toleo, na vitu gani inahitaji kwa wengine. Ni sawa karatasi yenye kufuata mufuko wa madini: ikikosa, ao ikisema uongo, mufuko unasimamishwa njiani. Eclipse inasoma karatasi zote wakati wa kufunguka, lakini plagini yenyewe inaiacha ilale mpaka siku mutu anaihitaji. Bila hiyo, ordinatere ndogo za kwetu zingelemewa na muzigo kila asubuhi.

Kufanya plagini yenye kusema "Jambo" ni kazi ya asubuhi moja. Ugumu unakuja kisha. Plagini ikianza kazi ya muda murefu pahali pabaya, dirisha lote linaganda. Ni kama mutu mumoja kusimama katikati ya ngazi na mufuko, na wote chini wanangoja. Inafaa mwanafunzi ajue kutuma kazi hiyo pembeni, ajue kuisimamisha kama mutu amebadilisha mawazo, ajue kufanya plagini yake isiharibike wakati Eclipse inatoa toleo jipya. Na zaidi ya yote, inafaa asome maandishi ya watu wengine, maelfu ya mistari, watu wenye hatawaona hata siku moja. Kwa maoni yetu, hicho kipande cha mwisho njo kinamutenga fundi na mutu wa sekretaria.

Kuna mutu atauliza: inatufaa nini sisi wa mashimo? Tumujibu kwa mufano wa karibu. Chuo Kikuu UCBC cha Beni, chenye kilianza mu 2007, kimefanya kazi ya kuandika mashamba na mipaka ya watu kwa kutumia STDM. STDM ilitoka kwa UN-Habitat, yenye makao yake Nairobi, na haiko programu ya peke yake: ni plagini ya QGIS, chombo cha bure cha kuchora karte za inchi. QGIS haiko atelié ya programu sawa Eclipse, na plagini zake zinaandikwa mu Python, si mu Java. Lakini ufundi ni ule ule: kukuta shimo la mwingine, kuheshimu ngazi zake, kufungua galeri yako. Serikali inapima vibali vya madini kwa viwanja vya mraba, kila kimoja karibu hektari 85. Kijana mwenye kujua kazi hii angeweza kuandikia koperative ya baba yake kipande kidogo chenye kuonyesha shimo lao liko mu kiwanja gani. Wachimbaji wangapi wamefukuzwa pahali walikuwa wamechimba miaka, juu hawakujua wako ndani ya kibali cha mutu? Kujua hakuwezi kuzuia kufukuzwa, lakini kunasaidia kujua pa kwenda kulalamika na karatasi gani mukononi.

Tuseme pia ukweli wa makuta. Plagini nyingi zinatolewa bure, na mutoto hatatajirika kwa kuziuza. Chenye kinalipwa ni ufundi wenyewe, kwa kampuni yenye kuhitaji mutu wa kurekebisha vyombo vyake. Mwenye kukuahidi mushahara wa Ulaya kisha siku kumi za formation anakudanganya. Muzazi ambaye hakusoma anaweza kupima kwa njia rahisi: mutoto aweke plagini yake ndani ya kle USB, aende kuiweka kwenye ordinatere ya jirani, intaneti imezimwa. Ikitembea, amejifunza. Kama ako na sertifika tu yenye muhuri, rudisha makuta yako kama bado yanarudishika.

Wengine wanasema umeme na intaneti ya kwetu haviwezi kubeba masomo hayo. Ni kweli kwamba vinatuangusha. Lakini Eclipse inachukuliwa mara moja, inahamishwa kwa kle toka mashine moja mpaka ingine, na maelezo yake yanaweza kusomwa bila intaneti. Magumu makubwa ni mwalimu, na hapo tunageukia vyuo vyetu. Askofu Kataliko alianzisha UCG ya Butembo mu 1989, wakati ambapo wengi walifikiri muji wa wafanya biashara hauwezi kubeba chuo kikuu. Leo, watoto wa informatiki katika muji huo na kule Beni wangali wanaandika kazi ya mwisho ileile: programu ya kuchunga stoki ya farmasi fulani, kurasa 60, halafu inalala mu kabati. Hata wenye farmasi hawaitumie! Mahali pa hizo kurasa, mwanafunzi angeomba kupimwa juu ya plagini moja yenye kutembea, na kurasa 15 za kueleza kwa nini aliijenga vile.

Koperative nazo ziingie ndani. Sheria ya madini ya 2018 inaomba muchimbaji wa mukono awe ndani ya koperative, na wachimbaji wanatoa michango. Ordinatere moja ya pamoja na kulipia kijana mumoja, muvulana ao musichana, si muzigo wa kuvunja kasha. Na tusisahau familia zenye zilikimbia mashambulizi ya ADF kule Bapere na ziko Butembo: baba hana shimo tena, minerval imesimama, mutoto anabaki nyumbani na miaka miwili ya informatiki nusu njia. Kwa hao, vyuo vikubali walipe kidogo kidogo.

Tunaomba wakubwa wa UCG na UCBC waseme mbele ya mwaka mupya wa masomo nani atafundisha somo hili, na bei yake kwa dola. Wazazi wa mashimo wanahitaji kuijua sasa, wakati zahabu ya musimu huu haijauzwa.